Fedha ya Mara Moja na Gharama ya Kila Mwezi: Wajibu wa Bodi ya Klabu ya Soka

Hotuba kwa viongozi na wanachama wa vilabu vya soka vya mashariki na kaskazini mwa Uganda, Jinja

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wenyeviti na wajumbe wa bodi, makatibu na wahasibu, ndugu wanachama mliosafiri kutoka Arua, Mbale, Tororo na Busia hadi hapa Jinja, nawasalimu wote kwa heshima na kuwashukuru kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie namna bodi ya klabu ya soka inavyopaswa kushughulikia mkakati, fedha na uwekezaji. Ninalo jambo moja kubwa la kusema, na nitalisema mapema ili mengine yote yalifuate. Kwa ninavyoona, vilabu vyetu vingi vilivyoyumba havikuyumba kwa kukosa fedha kabisa. Viliyumba kwa sababu fedha iliyokuja mara moja ilibebeshwa gharama zinazorudi kila mwezi, na bodi iliyoidhinisha matumizi hayo haikuwa na karatasi mezani inayoonyesha mishahara ya miezi iliyofuata ingetoka wapi.

Tuitazame kwanza bodi yenyewe ikiwa kazini. Kazi ya ukaguzi wa hesabu imeniwezesha kusoma kumbukumbu za vikao vya bodi nyingi, na zinafanana sana. Kurasa za mwanzo ni mjadala wa kocha, wa mshambuliaji aliyekosa penalti na wa sababu za kupoteza mechi ya Jumamosi. Fedha hutajwa mwishoni, chini ya kichwa cha mengineyo, kwa mistari miwili: mhasibu ameeleza kuwa hali ni ngumu, na wajumbe wameombwa kuchangia. Namba hakuna. Kikao cha aina hiyo kimeifanya kazi ya kocha na kuiacha kazi yake. Kupanga kikosi ni jukumu la benchi la ufundi, na uendeshaji wa kila siku ni wa mtendaji mkuu. Kinachobaki kwa bodi ni mambo machache lakini mazito, yaani klabu iwe wapi baada ya miaka mitatu au mitano, nani ataigharimia safari hiyo, hatari zipi zinakubalika, na nani atawajibika kwa kila shilingi. Kwa klabu iliyosajiliwa kama kampuni, Sheria ya Kampuni ya Uganda ya mwaka 2012 inawataka wakurugenzi wawe waangalifu, wawe waaminifu kwa kampuni, waepuke mgongano wa maslahi na watangaze maslahi yao binafsi. Mjumbe ambaye biashara yake inashona jezi za klabu au inaikodishia basi anaweza kuwa mtu mwema na bei yake ikawa nafuu kuliko nyingine sokoni. Hata hivyo anatakiwa aseme kabla mjadala haujaanza, atoke nje wakati wa uamuzi, na kumbukumbu zionyeshe kuwa alitoka.

Sasa mkakati. Karibu kila mpango mkakati niliowahi kuushika unasema kuwa klabu inataka ubingwa. Ligi Kuu yetu ina timu 16 na bingwa ni mmoja, kwa hiyo timu 15 zitamaliza msimu bila kutimiza lengo hilo, na zitahitaji kuwa hai msimu unaofuata. Mkakati unaanza pale bodi inapojibu swali la klabu yetu inaishi kwa nini. Vipers, ambayo zamani ilijulikana kama Bunamwaya, ilijenga njia yake juu ya mmiliki mmoja, Lawrence Mulindwa, na juu ya uwanja wake yenyewe wa St. Mary's pale Kitende, uliofunguliwa mwaka 2017. Mwaka 2022 iliiondoa TP Mazembe na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. KCCA inasimama juu ya mamlaka ya jiji la Kampala na uwanja wa Lugogo, na mwaka 2018 ilikuwa klabu ya kwanza ya Uganda kufika hatua hiyo. Express na SC Villa zina umma wa mashabiki ambao hakuna taasisi inayoweza kuununua. Villa ilifikisha mataji 16 ya ligi mwaka 2004, kisha ikasubiri hadi 2024 kupata la 17. Miaka 20 kwa klabu yenye jina kubwa kiasi hicho inatufundisha kwamba historia na mashabiki havilipi mishahara vyenyewe. Lazima kuwe na chombo kinachogeuza mapenzi ya watu kuwa uanachama uliosajiliwa, ada inayokusanywa na kura inayoheshimiwa.

Vilabu vya taasisi, kama vile vya polisi, jeshi, magereza na mamlaka ya mapato, vina utulivu ambao wengine wanautamani, lakini navyo vina hatari yake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, ilhali ligi ina kalenda yake, na uamuzi wa kupunguza fungu unaweza kufanywa na watu ambao hawajawahi kukaa katika bodi ya klabu. Bodi ya klabu ya taasisi isiyokuwa na mdhamini hata mmoja wa nje imeweka maisha yake yote katika bajeti ya mtu mwingine.

Nataka tuingie kwenye namba, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoonekana. Tuchukue klabu ya mfano yenye wachezaji 28, benchi la ufundi la watu 7 na watumishi wa ofisi 5. Hao ni watu 40. Tuseme kila mmoja, kwa wastani, analipwa shilingi milioni 1 kwa mwezi. Ni milioni 40. Mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, hivyo ongeza milioni 4. Kwa miezi 12 tumefika shilingi milioni 528, na bado hatujakodi basi, hatujalipia hoteli, hatujanunua mpira mmoja wala kumpeleka mchezaji aliyeumia goti kupigwa picha hospitalini. Upande wa pili, timu katika ligi ya timu 16 ina mechi 15 za nyumbani. Wakija watu 1,000 wanaolipa shilingi 10,000 kila mmoja, mechi moja inaleta milioni 10 na msimu mzima milioni 150, kabla ya kulipia uwanja, ulinzi na gari la wagonjwa. Mlango umelipa chini ya theluthi moja ya mishahara peke yake. Tena mechi zinakwisha karibu na mwezi wa Mei, lakini mishahara ya Juni, Julai na Agosti inadaiwa kama kawaida, katika miezi ambayo geti halifunguliwi hata siku moja.

Ndiyo maana naziomba bodi zote zidai karatasi moja kila mwezi, nayo ni jedwali la mtiririko wa fedha kwa miezi 12 ijayo. Juu yake kuwe na fedha iliyopo benki leo, chini yake mapato yanayotarajiwa kwa kila mwezi yakitenganishwa yale yenye mkataba na yale ya matumaini, kisha malipo, kisha salio. Mwezi ambao salio linakuwa hasi uwekewe alama nyekundu. Bodi inayouona mwezi mwekundu miezi sita kabla inaweza kuongea na mdhamini alete malipo mapema, kusitisha usajili mmoja au kuuza mchezaji mmoja wa kiungo kwa bei nzuri. Bodi inayougundua mwezi huo wachezaji wakiwa wamegoma kwenda mazoezini haina tena la kuchagua.

Karatasi hiyo ina thamani pia kwa sababu misukosuko haipigi hodi. Mwaka 2020 ligi ilikatishwa kabla ya kumalizika kwa sababu ya korona na Vipers ikatangazwa bingwa; msimu uliofuata nao ukakatishwa, Express ikatwaa taji. Vilabu vilivyotegemea mlango vilijikuta bila mlango. Ndugu zetu wa Arua wanakumbuka daraja la Karuma lilipofungwa mwaka 2024 kwa matengenezo, na jinsi safari ya kwenda Kampala ilivyorefuka. Akiba ya miezi mitatu ya mishahara inaonekana kuwa anasa hadi siku unapoihitaji.

Nakuja sasa kwenye fedha ya mara moja. Kuna aina mbili zinazotutia kiwewe: fedha ya kuuza mchezaji na zawadi ya mashindano ya Afrika. Katika viwango ambavyo CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilivitangaza mwaka 2023, klabu inayomaliza ya tatu au ya nne katika kundi la Ligi ya Mabingwa hupata dola 700,000, na katika Kombe la Shirikisho dola 400,000. Kwa klabu ya Uganda hizo ni fedha nyingi mno. Lakini zinapatikana kwa mwaka huo tu. Bodi ikizitumia kupandisha mishahara ya kikosi kizima kwa mikataba ya miaka mitatu, mwaka wa pili timu ikitolewa katika hatua ya awali, mishahara ile itabaki pale pale na chanzo chake kitakuwa kimekauka. Ninapendekeza azimio la bodi lipitishwe kabla ya fedha kuja, wakati vichwa vimetulia: sehemu ya kwanza ilipe madeni, ya pili iingie akiba, ya tatu inunue kitu kinachodumu, kama ardhi, uzio wa uwanja, basi au bweni la vijana, na kikosi kipewe bonasi iliyotajwa kwenye mkataba, inayolipwa mara moja na kuisha.

Kuhusu kuuza mchezaji, naomba mlikumbuke suala la Emmanuel Okwi, kijana wetu wa Uganda aliyekuwa Simba ya Dar es Salaam. Januari 2013 Simba ilimuuza kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Magazeti yaliandika bei, mashabiki wakaizungumza vijiweni, ila fedha yenyewe haikulipwa kwa wakati, ikabidi Simba iende FIFA na kusubiri miaka. Klabu yoyote ya kwetu iliyo katika hali hiyo, ikiwa imeshasajili wachezaji watatu kwa kutegemea fedha ile, ingekuwa imejiingiza kwenye madeni matatu kwa ajili ya dai moja. Katika jedwali la mtiririko wa fedha, ada ya uhamisho iandikwe siku inapoingia benki, na mkataba uwe na tarehe za awamu, dhamana ya malipo na asilimia ya mauzo yajayo.

Ipo fedha nyingine ambayo tunaipoteza kwa uzembe wa makaratasi tu, na hili linanisikitisha kwa dhati. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa ajili ya vilabu vilivyomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 unahesabiwa asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 asilimia 0.5. Kijana aliyechezea timu yenu ya vijana misimu minne, kuanzia miaka 16 hadi 19, akija kuuzwa Ulaya kwa dola milioni 1, anawaletea dola 20,000, na akiuzwa tena kwa ada kubwa zaidi anawaletea tena, mradi mauzo hayo yawe kabla ya mkataba wake kwisha. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, ambacho kinasoma historia ya usajili wa mchezaji kielektroniki. Kwa maneno mengine, kijana ambaye hamkumsajili FUFA, shirikisho la soka la Uganda, akiwa na miaka 16, kwa sababu katibu aliona ni timu ya watoto tu, kwenye mfumo ule hakuwahi kuwa wenu. Bodi iulize kila mwaka, kwa kauli iliyoandikwa: vijana wetu wangapi wamesajiliwa, na wangapi wanafanya mazoezi na sisi bila usajili?

Deni nalo lina mahali pake. Kukopa ili kujenga jukwaa litakaloingiza viingilio kwa miaka 15 ni jambo linaloweza kuhesabiwa. Kukopa ili kununua wachezaji kwa kutegemea ushindi ambao haujapatikana ni jambo jingine kabisa. Leeds United ya Uingereza ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2001 huku ikiwa imekopa mamilioni ya pauni kwa dhamana ya viingilio vya miaka ijayo. Ilikosa kufuzu msimu uliofuata, ikauza wachezaji mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2004 ikashuka daraja. Klabu yenye uwanja unaojaa kila wiki ilifikwa na hayo.

Huku kwetu deni lina sura nyingine, na ningependa tukae hapo kidogo. Mkopeshaji mkubwa wa vilabu vya Uganda ni mwenyekiti. Basi limeharibika njiani, anatuma fedha kwa simu. Mishahara imechelewa, anatoa mfukoni. Mchezaji amefiwa, analipia jeneza na usafiri. Ni ukarimu wa kweli, na wengi wa watu hao wamevibeba vilabu hivi mgongoni kwa miaka bila kushukuriwa inavyostahili. Lakini hakuna kinachoandikwa. Miaka minane baadaye mtu huyo anachoka, au anafariki, na wanaokuja baada yake wanakuta madai ya mamia ya mamilioni kwenye daftari la kibinafsi, huku wanachama wakisema zilikuwa zawadi na familia ikisema ulikuwa mkopo. Nimeona hati ya uwanja wa mazoezi ikiwa imeandikwa jina la mtu kwa sababu siku ya kununua yeye ndiye aliyekuwa na fedha. Dawa yake si ngumu. Kila fedha inayotoka kwa kiongozi ipokelewe na benki ya klabu, ipewe risiti, na iandikwe katika kikao kinachofuata kuwa ni mojawapo ya mambo matatu: zawadi, mkopo wenye masharti, au malipo ya hisa. Mwenyekiti mwenyewe ndiye anayelindwa zaidi na utaratibu huo, na mwenyekiti anayeukataa anastahili kuulizwa sababu.

Hilo linatufikisha kwenye uwekezaji, kwa kuwa mwekezaji makini huanza kwa kuomba vitabu. Kampuni inayoundwa kwa dhamana ya wanachama, bila hisa, haina cha kumuuzia. Ile yenye hisa inacho, na uchaguzi kati ya hizo mbili ni uamuzi wa wanachama katika mkutano mkuu, kwa taarifa kamili, wala usifanywe na wajumbe watano hotelini. Jirani zetu wametutangulia katika mjadala huu. Desemba 2017 wanachama wa Simba walikubali mfumo ambao mwekezaji, Mohammed Dewji, angechukua asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania na wanachama wakabaki na asilimia 51. Timu ilipata nguvu uwanjani, ila maswali ya lini na kwa njia gani fedha hizo zinaingia yaliendelea kwa miaka. Ujerumani nayo inayo kanuni kwamba wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura, isipokuwa kwa vilabu vichache vilivyopewa ruhusa. Ninaipenda kanuni hiyo kwa vilabu vyenye umma wa mashabiki, lakini asilimia 51 kwenye karatasi haitoshi kama mkataba unampa mwenye 49 haki ya kumteua mtendaji mkuu, kusaini hundi peke yake na kupitisha bajeti.

Kabla ya kukaa na mwekezaji yeyote, bodi iwe imejibu yenyewe: tunamiliki nini? Jina na nembo vimesajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, au vinaelea tu? Ardhi ni ya klabu, ya kanisa, ya halmashauri au ya mtu? Mikataba ya wachezaji ina muda gani? Tunadaiwa nini na mamlaka ya mapato, URA, pamoja na NSSF? Nimeshuhudia mwekezaji mwenye nia njema akijitoa katika wiki ya pili kwa sababu ya malimbikizo ya kodi ya mishahara ambayo bodi haikuwa ikiyajua. Na nimeona, kinyume chake, bodi ikimkabidhi mgeni timu nzima kwa ahadi ya maneno na picha za jezi mpya. Thamani ipimwe na mtu asiye na maslahi katika biashara hiyo. Fedha iingie kwa awamu zenye tarehe, na hisa zitolewe kwa kadiri fedha inavyoingia. Ardhi ya klabu iwekwe chini ya baraza la wadhamini, yaani watu wanaoitunza kwa niaba ya wanachama, tofauti na kampuni inayoendesha timu, ili kampuni ikifilisika uwanja usiende nayo.

Miaka hii miwili mitatu inatuletea wageni wengi. Uganda, Kenya na Tanzania zilishirikiana kuandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwezi Agosti 2025, na AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 ni yetu sote watatu; uwanja wa Namboole umekarabatiwa, na mji wa Hoima umejengewa uwanja wa watazamaji 20,000. Wadhamini na wawekezaji wataitazama Uganda kuliko walivyowahi kuitazama, na baada ya 2027 wengine wataondoka. Kwa hiyo kifungu ninachowasihi mkisome mara nyingi kuliko vyote ni kile cha kuachana: mwekezaji akitaka kuondoka atoe taarifa ya muda gani, hisa zake azitoe kwanza kwa nani na kwa bei inayokokotolewa vipi, mikataba ya wachezaji aliyoisaini italipwa na nani hadi mwisho wake, na jina la klabu litarudi kwa wanachama siku ipi. Kifungu hicho kiandikwe mwanzoni, pande zote mbili zikiwa bado zinapendana, na wakili wa klabu asiwe wakili wa mwekezaji.

Nakala za jedwali la mtiririko wa fedha niliyoitaja ziko mezani pale mlangoni, zikiwa tupu. Wahasibu wazichukue, wazijaze kwa namba za kweli za vilabu vyao, na wazipeleke katika kikao cha kwanza cha bodi, ziwe ajenda ya kwanza kabla ya habari za kocha.

Asanteni kwa kunisikiliza.